Damu haitolewi mbio mbio

Mtumikaji mwenzangu, na wewe mama wa nyumba,

Tumeona mara nyingi: mtoto amepungukiwa damu sababu ya malaria, ao mtu ameumia kazini. Jamaa wanajaa mlangoni mwa labo na kusema: «Mimi ni ndugu yake, baba mmoja mama mmoja. Kamateni damu yangu sasa hivi!» Upendo huo ni mzuri. Lakini nasema wazi: kumsukuma mtu wa labo ni kumtia mgonjwa hatarini.

Baba wa kundi A na mama wa kundi B wanaweza kuzaa watoto wa A, B, AB na O. Basi udugu hauonyeshi kundi la damu.

Sababu gani kungoja? Mwili una askari wake. Wakikuta chembe nyekundu ngeni, wanazishika na kuziharibu. Katika labo wanapima chembe za mtoaji pamoja na maji ya damu ya mgonjwa. Chembe zinawekwa katika maji ya chumvi, gramu 9 kwa lita moja, kwani katika maji matupu zingepasuka zenyewe. Lakini katika chumvi hiyo askari wengine wanashika pole pole. Kuna maji mengine yenye chumvi kidogo na kitu kingine cha kulinda chembe. Humo wanashika upesi zaidi. Pasipo maji hayo, kungoja ni lazima.

Tena usidanganywe na damu iliyotulia ndani ya mfuko. Tangu mwaka 1914, munganga Albert Hustin wa Brussels alipotumia chumvi ya sitrati, tunajua kuzuia damu isigande: sitrati inafunga kalsiamu. Lakini mwilini mwa mgonjwa kalsiamu na magnesiamu hazikufungwa, na kwa msaada wake askari wanapasua chembe ngeni. Ndipo homa, maumivu ya kiuno, mkojo mweusi, na figo kuharibika.

Kwa hiyo, ndugu: ujue kundi lako leo. Toa damu ungali mzima, usingoje ajali. Mgonjwa wako akiwekewa damu, kaa karibu. Akitetemeka ao akilia kiuno, mwite mfirmie mara moja afunge mpira.

Chini ya mgodi hatuingii kabla paa halijapimwa. Na damu vivyo hivyo: kwanza ipimwe.