Friza ikifia mikononi mwa fundi, nani analipa?

Samaki hasubiri. Yeyote anayefanya biashara kuanzia soko la samaki la Bagamoyo mjini na Mlingotini hadi Kunduchi anajua kwamba kamba au pweza akishatoka majini, saa zake zinahesabika. Ndiyo maana friza imekuwa kitendea kazi sawa na wavu. Mama anayeuza juisi ya mananasi ya Kiwangwa anaitegemea, mwenye bucha anaitegemea, na hoteli za ufukweni hazipati mgeni bila kiyoyozi. Lakini yule aliyeshika roho ya biashara zote hizi, fundi wa friji, tunamwokota kwa namba ya simu iliyoandikwa ukutani.

Nami nilimwokota hivyo hivyo. Friza yangu ilikuwa na kilo zipatazo 60 za kamba, nilizokusanya kwa wavuvi wiki nzima nikimsubiri mteja wa Dar es Salaam. Ikaanza kupoza kwa shida. Fundi akaja, akashika bomba kwa kiganja, akasema, "Mzee, gesi imepungua tu, naongeza." Akaongeza, akapokea fedha yake, akaondoka. Usiku wa pili kompresa ikafa. Asubuhi harufu ilinipokea mlangoni. Nilipompigia simu alisema mashine ilikuwa mbovu tangu mwanzo. Sikuwa na risiti, sikuwa na karatasi yoyote, na kwa aibu nakiri kwamba hata jina lake kamili sikulijua.

Fundi wa pili ndiye aliyenifumbua macho. Gesi ya friji haiishi kama mafuta ya taa. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua ujue kuna tundu. Huku pwani chumvi ya bahari inakula mabomba upesi kuliko bara. Anayestahili kuitwa fundi atalitafuta tundu na kuliziba, atajaza naitrojeni kuhakikisha pameziba, atavuta hewa na unyevu wote kwa pampu ya vakyumu, ndipo apime gesi kwa mizani kufuata kibandiko cha mashine. Yule wangu wa kwanza hakuwa na pampu wala mizani.

Na afadhali hasara ya kamba. Wapo wanaopima matundu kwa oksijeni ya wachomeleaji, jambo la hatari kubwa, kwa sababu oksijeni yenye shinikizo ikikutana na mafuta ya kompresa inaweza kulipuka na kuua. Friji nyingi mpya zinatumia gesi za R-600a na R-290, ambazo ni jamii moja na gesi ya kupikia, yaani zinawaka. Gesi ya R-22 iliyozoeleka kwenye viyoyozi vya zamani nayo inaondolewa kwa mujibu wa makubaliano ya Montreal ya 1987; nchi kama yetu zinatakiwa ziwe zimeiacha ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kutengenezea mashine zilizopo. Fundi aliyejifunza kwa kuangalia mwenzake miaka 20 iliyopita hawezi kuyabahatisha mambo haya.

Sheria hatukosi. Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, ipo kwa sheria ya 1997 na inasajili makandarasi wa majengo, wa umeme, wa mitambo na wengineo. EWURA inatoa leseni kwa wanaofunga nyaya za umeme majengoni. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1994, inatoa vyeti vya fani ya majokofu na viyoyozi. Kwa hiyo mwenye hoteli anayefunga viyoyozi vyumba 40 akiingia mkataba na mtu asiyesajiliwa, amejitakia. Tatizo ni sisi wa friza moja. Mchuuzi wa dagaa hamwiti mkandarasi wa CRB, na mkandarasi mwenyewe haji.

Hapo ndipo tunapojidanganya na karatasi zisizohusika. Fundi akionyesha leseni ya biashara ya halmashauri, tunaridhika. Vile vitambulisho vya wajasiriamali vilivyoanza kutolewa mwaka 2018 kwa Sh 20,000 navyo vilionyeshwa kama vyeti. Karatasi hizo zinasema mtu anaruhusiwa kufanya biashara, hazisemi kama anajua kazi.

Linabaki suala la bima, ambalo wengi hulicheka. Bima ya dhima kwa mtu wa tatu kazi yake ndiyo hii: fundi akiunguza duka lako kwa bahati mbaya, kampuni ya bima inalipa, wewe huanzi kugombania baiskeli yake. Wasaidizi aliowaajiri wanatakiwa wawe wamesajiliwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, maana kijana akianguka kwenye ngazi ukutani kwako, ugomvi utahamia kwako pia. Fundi mmoja hawezi kukata bima peke yake, nakubali. Lakini mafundi 20 wa Bagamoyo, Zinga, Kerege na Mapinga wakiwa kikundi wanaweza kuzungumza na kampuni ya bima, kama wenye bodaboda na wakulima wanavyojiunga kwa mambo yao.

Wapo watakaosema nataka kuwanyima vijana riziki. Sitaki mgambo wawakimbize mafundi barabarani. Hilo litazaa rushwa tu. VETA ina utaratibu wa kupima na kurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia mtaani, bila kumrudisha darasani miaka miwili. Halmashauri ya Bagamoyo ingeweza kuwaita mafundi hao wapimwe kwa pamoja, kisha ibandike majina ya waliofaulu sokoni na kwenye ofisi za kata. Gharama yake si kubwa kuliko kamba zinazotupwa.

Na sisi wateja tuna lawama yetu. Fundi mwenye pampu na mizani akitaja bei, tunamwita mwizi, tunamfuata wa bei ya nusu. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi kabla ya zile kilo 60.

Siku hizi, kabla fundi hajafungua msumari hata mmoja, naomba kuona cheti chake na kunakili jina na namba. Naangalia kama pampu ya vakyumu imo kwenye mzigo wake. Tunaandikiana nusu ukurasa wa daftari: tatizo ni nini, ataweka gesi gani na kiasi gani, na dhamana ni ya muda gani, kisha tunasaini wote wawili. Mafundi wawili walikataa kusaini wakaondoka. Wa tatu alisaini, na daftari liko juu ya friza mpaka leo.