Muhula wa London uanzie uani
Vyuo vya Marekani vinavyopeleka wanafunzi wa sanaa za maonyesho London kwa muhula mmoja vingefanya vyema kupunguza saa za darasani na kuongeza tiketi. Chukua Globe, jumba la tamthilia lililofunguliwa 1997 kwa kuiga lile la enzi za Shakespeare. Katikati halina paa, na mamia ya watazamaji husimama uani, karibu kabisa na jukwaa. Mwigizaji anawaona wanaomtazama. Hana giza la kujifichia. Mwaka 2012 jukwaa hilo lilipokea tamthilia 37 kwa lugha 37, na waigizaji kutoka Kenya wakaigiza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili. Namna ya kukichekesha kiwanja ambacho nusu yake haielewi maneno haifundishiki ubaoni.

Wapo watakaosema gharama ni kubwa mno, tena tangu 2009 jumba la National Theatre la London hurusha maonyesho yake sinemani, kwa hiyo hakuna haja ya kusafiri. Hoja ya gharama ni nzito, na vyuo viijibu kwa ufadhili, si kwa vipeperushi vya kuvutia. Ya sinema ni nyepesi: kamera humchagulia mtazamaji pa kuangalia, ilhali anayesomea uongozaji anahitaji kumtazama hata mwigizaji aliyenyamaza pembeni.