Matembezi Bangkok: mtoto ale cha moto, ORS iwe mkobani

Siku moja Bangkok, mji mkuu wa Thailand, inatosha kuichosha miguu ya mtoto. Asubuhi mnatazama sanamu ya Buddha aliyelala katika hekalu la Wat Pho, yenye urefu wa mita 46. Kisha mnavuka mto Chao Phraya kwa kivuko hadi Wat Arun. Jua kali, njaa inauma, na pembeni mwa barabara pad thai inanukia.

Mzazi, usikiogope chakula cha mtaani, angalia kinavyopikwa. Tambi zilizokaangwa mbele yako, zikaliwa zingali moto, ni salama zaidi kuliko wali uliokaa ukapoa mezani kwenye hoteli ya kifahari. Ila pad thai hunyunyiziwa karanga, hivyo uliza kwanza kama mtoto ana mzio. Maji yawe ya chupa iliyofungwa, na matunda mmenyee mwenyewe.

Akiharisha, changanya ORS na maji salama kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, umnyweshe kidogo kidogo. Ukiona damu kwenye choo, macho yamedidimia au hawezi kunywa, mpeleke hospitali mara moja. Hekalu litamsubiri.