Kitimoto bila kwenda baa

Leo kitimoto tunaikaanga geto. Nunua yenye muhuri wa mkaguzi, ikate vipande bapa, unene wa kidole. Chumvi, ndimu, tangawizi, nusu saa. Kikaango kipate moto kwanza; ikishika rangi pande zote, punguza mkaa, funika. Asali yetu ya Tabora kijiko kimoja mwishoni, maana ikiwahi inaungua. Epua, iache itulie dakika tano ndipo ukate, maji yake yasikimbie.

Wekundu katikati? Rudisha jikoni! Isiyoiva yaweza kukupa tegu tumboni, na mayai yake kwenye mikono michafu yakamletea kifafa hata mwenzio asiyegusa kitimoto. Ulaini ni ufundi, siyo ubichi. Wiki ijayo tena!