Elementi Namba 9 Katika Ndoo Yetu ya Maji

Mwezi huu tunataka tuketi pamoja na somo ambalo wengi wetu huwaachia watoto na walimu wao, yaani kemia. Msikimbie, kwa maana somo hilo limo ndani ya ndoo zetu.

Siku moja tukiwa Nkoma, wilayani Itilima, katika zamu ya kliniki, alikuja mama na binti yake wa kidato cha pili. Hakuja kwa ugonjwa, alikuja kwa hasira. "Sista, huyu mtoto hapigi mswaki. Hebu tazama meno yake!" Binti akaziba mdomo kwa kiganja. Tulipombembeleza akafungua, tukaona meno yenye madoa ya kahawia. "Ninapiga, mayu," alisema kwa sauti ndogo. "Hata kwa mkaa nimesugua." Tulimwamini, kwa sababu madoa ya namna ile hayatokani na uchafu.

Binti alikuwa na daftari lake la kemia. Tukalifungua mbele ya mama yake, penye jedwali la elementi, tukaweka kidole kwenye kisanduku cha namba 9: florini.

Kila kitu, iwe chumvi, jiwe au mfupa, kimeundwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomi. Katikati ya atomi kuna kiini chenye protoni na nyutroni. Elektroni hukizunguka kiini hicho kama watu wanaoota moto usiku: duara la ndani lina nafasi mbili tu, na linalofuata lina nafasi nane. Idadi ya protoni ndiyo namba ya elementi. Mrusi Dmitri Mendeleev alipotoa jedwali lake mwaka 1869, elementi zilizojulikana zilikuwa 63. Leo ziko 118. Zilizo katika safu moja ya kushuka ni kama watu wa ukoo mmoja, tabia zao hufanana.

Florini ina elektroni 9: mbili ndani, saba nje. Nafasi moja iko wazi, na kwa hiyo florini haitulii mpaka inyakue elektroni moja. Ikishaipata huitwa floraidi. Ndugu zake katika safu ile ni klorini, iliyomo katika dawa ya kutibu maji, na iodini, inayotiwa katika chumvi ili tusipate rovu shingoni. Wote hao watatu hutufaa kwa kipimo, na hudhuru wakizidi.

Floraidi hushikamana upesi na kalsiamu, namba 20, ambayo imejaa katika meno na mifupa yetu. Floraidi kidogo huimarisha jino, ndiyo maana huwekwa katika dawa za meno. Lakini ikizidi wakati meno ya mtoto yanaumbwa ndani ya ufizi, yaani tangu kuzaliwa hadi miaka 8 hivi, jino hutoka likiwa na madoa. Ikizidi sana kwa miaka mingi, viungo huuma na kukakamaa, na hata mifupa yaweza kupinda.

Inatoka wapi? Inatoka katika miamba. Maji yakikaa chini ya ardhi kwa muda mrefu huiyeyusha, nasi huyavuta kwa pampu yakiwa meupe na matamu. Mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida, Shinyanga, Mara na huku kwetu Simiyu ina sehemu zenye shida hii. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Kwa miaka mingi Tanzania iliruhusu hadi miligramu 8 katika maji ya vijijini, kwa kukosa maji mengine.

Hapa tuna jambo la kuungama. Sisi wauguzi tumewahimiza akina mama miaka yote: chemsheni maji. Ni kweli, moto huua vijidudu, na msiache kuchemsha. Lakini floraidi si kijidudu, haifi. Maji yanapopungua sufuriani kwa mvuke, yenyewe hubaki na kukolea zaidi. Kuchuja kwa kitambaa hakuiondoi, wala dawa ya maji haiiondoi.

Basi tufanyeje?

Kwanza, tuwaombe viongozi wa kijiji na RUWASA wapime maji ya kisima chetu. Kwa macho na ulimi hatuwezi kujua.

Pili, tukinge maji ya mvua kutoka kwenye bati safi, tuyatunze kwa ajili ya watoto wadogo: ya kunywa, ya uji na ya kupikia. Maji ya mvua huwa na floraidi kidogo sana. Hayo nayo tuyachemshe.

Tatu, tupunguze magadi katika maharage na mlenda. Magadi mengi yana floraidi nyingi.

Nne, mtoto mdogo asimeze dawa ya meno. Chini ya miaka 3 yatosha kiasi cha punje ya mchele.

Huko Arusha, kituo cha utafiti cha Ngurdoto husafisha maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kitaalamu, kwa kuwa kalsiamu ya mfupa huinasa floraidi. Tusijaribu wenyewe jikoni, maana mfupa usiochomwa vizuri huharibu maji.

Mama yule alinyamaza kitambo. Kisha akamgeukia binti yake. "Mwanangu, nimekupiga bure." Tukawaambia kwamba madoa yale hayaondoki kwa mkaa, ila daktari wa meno aweza kuyafunika. Na mama alikuwa na mwingine mgongoni, wa miezi saba, ambaye meno yake ya ukubwani yalikuwa bado yanaumbwa. Huyo tulikuwa hatujachelewa.

Mama mwenzetu, jioni ya leo mwombe mwanao akuonyeshe namba 9.