CHAMA SI DINI

Ndugu zangu wa Masasi na Newala, vyama vingi vilirudi nchini mwaka 1992. Wengi walioulizwa na Tume ya Jaji Nyalali walitaka chama kibaki kimoja, lakini Tume ikapendekeza wachache nao wasikilizwe. Leo sisi tunamnyima jirani salamu, tunasusia jeneza lake, kisa rangi ya bendera! Wallahi, haki ya Muislamu haifutwi na kadi ya chama.

Chama hukua kwa wanachama wanaombana kiongozi wao: korosho mnadani imeuzwaje, maji yako wapi? Chama cha wapokea fulana hakikui, kinanenepa tu. Beba kadi uitakayo, lakini mazikoni twende wote.

Wallahu a'lam.