Manga kwa wageni, na kwa nini inatuhusu hata huku Kasense

Haya, leo tuiache kidogo bei ya mahindi na habari za mbolea. Kazini naandika hizo kila wiki, na mhariri wangu hachoki kuzitaka. Leo naandika kuhusu ninachosoma usiku, baridi ya Sumbawanga inapokuwa imeshatufungia ndani na mablanketi mawili mawili: katuni za Kijapani, ambazo wenyewe wanaziita manga.

Najua wapo walioanza kucheka. "Jitu zima na digrii yake linasoma katuni!" Cheka tu, ndugu yangu, lakini usiondoke. Nitakueleza kwanza ni kitu gani na pa kuanzia, kisha nitatoa hoja yangu.

Jambo la kwanza ni namna ya kusoma. Manga inaanzia pale ambapo kitabu chetu kinaishia. Unafungua upande unaoudhani ni wa nyuma, na kwenye kila ukurasa unaanza na kisanduku cha juu kulia ukielekea kushoto. Dakika kumi za kwanza utaona mtu anajibu kabla hajaulizwa, lakini baada ya hapo macho yanazoea. Usitafute rangi pia. Karibu kurasa zote ni nyeusi na nyeupe.

Jambo la pili: manga si aina moja ya hadithi. Kuna za mapenzi, za mpira, za mapishi, za vita, za mahakamani, hata za ofisini. Wajapani huzigawa zaidi kwa msomaji. Shonen ni za wavulana, shojo za wasichana, seinen za wanaume watu wazima, josei za wanawake watu wazima. Hapa ndipo lawama nyingi zinapozaliwa. Mzazi anakuta picha ya seinen kwenye simu ya mtoto wa darasa la tano, basi anazilaani zote. Mzazi huyo ana haki ya kukasirika, ila kosa si la katuni. Hakuna anayepiga marufuku riwaya zote kwa sababu mtoto wake ameshika moja ya wakubwa!

Chimbuko lake ni la zamani, lakini manga tunayoijua leo ilikua baada ya Vita Kuu ya Pili, Japani ikiwa imeungua na watu hawana kitu. Osamu Tezuka, kijana aliyekuwa anasomea udaktari, alitoa kitabu chake Shin Takarajima mwaka 1947, akishirikiana na Shichima Sakai. Kilikuwa kitabu cha bei ya chini na kiliuzwa kwa wingi sana. Mwaka 1952 Tezuka akaanza kisa cha Tetsuwan Atomu, yule mtoto wa roboti ambaye dunia inamwita Astro Boy. Mwaka 1968 likaja jarida la Shonen Jump, ambalo katikati ya miaka ya 1990 toleo lake moja lilifika nakala zaidi ya milioni 6.

Walifikaje huko? Utaratibu wenyewe ni rahisi. Jarida nene la karatasi duni hutoka kila wiki likiwa na hadithi nyingi, kila moja kurasa kama ishirini hivi. Ndani yake kuna kadi ambayo msomaji anaijaza kusema zipi zimempendeza, kisha anaituma. Hadithi inayokosa wapenzi inakatwa, na inayopendwa inaendelea, kisha inakusanywa kuwa vitabu. Kazi ni ngumu kwelikweli na wachoraji wengi wameumwa kwa kukosa usingizi, lakini msomaji ana kura yake na mchoraji anayependwa ana kipato chake.

Sasa uanzie wapi? Usianze na One Piece ya Eiichiro Oda. Ni tamu, imeuza zaidi ya nakala milioni 500, lakini inaendelea tangu 1997 na vitabu vimeshapita mia moja. Utakata tamaa.

Kama unapenda mpira, anza na Captain Tsubasa ya Yoichi Takahashi, iliyoanza 1981. Kama unapenda visa vya kukunyima usingizi, chukua Monster ya Naoki Urasawa (1994 hadi 2001): daktari wa Kijapani huko Ujerumani anaokoa maisha ya mtoto, halafu mtoto huyo anakua kuwa muuaji. Anayesema katuni ni mchezo, mpe Barefoot Gen ya Keiji Nakazawa, iliyoanza 1973. Nakazawa alikuwa na miaka sita bomu lilipoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945, likamchukulia baba, dada na mdogo wake. Soma kisha uje uniambie kama umecheka.

Kwa sisi wa Ufipa naipendekeza zaidi Silver Spoon (2011 hadi 2019) ya Hiromu Arakawa, mwanamke aliyekulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa kisiwani Hokkaido. Inahusu kijana wa mjini anayejiunga na shule ya kilimo. Kuna madeni ya mkulima humo, kuna mtoto asiyetaka kurithi shamba, kuna nguruwe aliyepewa jina na bado lazima achinjwe. Nilipoisoma nilijiuliza kama mwandishi amewahi kupita huku kwetu!

Hadithi kadhaa unaweza kuzisoma kihalali kwenye programu ya simu ya MANGA Plus, iliyoanza 2019 na inayotoa bure sura za mwanzo na za karibuni. Lakini ni kwa Kiingereza na lugha nyingine chache. Kiswahili hakimo, na hapo ndipo hoja yangu inapoanzia.

Kuna kijana wa kidato cha pili, jirani yangu hapa Kasense, anachora mpaka unashangaa. Mwalimu wake mmoja amewahi kulichana daftari lake zima kwa kosa la "kuchora upuuzi". Alianza daftari jingine. Nililipitia nikakuta wapiganaji wenye nywele za miiba na panga za Kijapani. Nikamuuliza, mbona hakuna watu wa hapa? Akanijibu, "Kaka, mimi sijawahi kuona katuni yenye Mfipa." Jibu hilo limenikaa kichwani kuliko kitabu chochote nilichosoma mwaka huu.

Maana tulikuwa nazo zetu, jamani. Saidi Bawji na Nico ye Mbajo waliliita jarida lao Sani kwa kuunganisha majina yao, na mkono wa Philip Ndunguru, aliyefariki 1986, uliwafanya kina Ndumilakuwili na Lodilofa wajulikane nchi nzima. Akaja James Gayo na Kingo. Masoud Kipanya na Gado wametuonyesha kwamba mchoro mmoja unaweza kumkosesha raha mkubwa mzima.

Wapo watakaosema Mtanzania hana hela ya kununua katuni. Sani ilipata wasomaji wake miaka ambayo watu walipanga foleni ya sukari na sabuni. Na leo hata karatasi si lazima, simu ziko mikononi.

Kwa hiyo cha kuiga kwa Wajapani si yale macho makubwa. Ni kutumia lugha yetu, kutoa kwa bei ndogo, kutoka siku ileile kila wiki, kumlipa mchoraji na kumsikiliza msomaji. Hadithi tunazo. Simulizi ya Milanzi, ya wanawake wageni waliofika mwenye nchi akiwa mawindoni na kukikalia kiti chake, hiyo pekee ni vitabu kumi. Wazee wetu waliyeyusha chuma kwenye malungu, matanuru marefu kuliko mtu. Nani amewahi kuyachora kwa ajili ya mtoto wa Sumbawanga?

Basi soma manga moja mpaka mwisho. Na ukimkuta mtoto wako anachora, kabla hujashika fimbo muulize: halafu ikawaje?

Naomba kutoa hoja.